Gari limelowa ndani? Inua kapeti kabla hujanunua kontroli boksi

Mvua za Mbeya zinaanza Novemba mpaka mwezi wa nne au wa tano, na ndizo zinazofichua magari yanayovuja. Jioni umepaki vizuri hapo Chunya mjini, asubuhi taa ya cheki injini imewaka na vioo vya milango havipandi. Fundi anakuambia kontroli boksi imekufa, na unatajiwa laki kadhaa.

Usitoe hela kwanza. Inua kapeti upande wa abiria wa mbele. Kwenye Toyota nyingi ndogo kama IST, kontroli boksi imekaa nyuma ya droo ya dashibodi, upande huo huo. Halafu chini ya kapeti kuna sponji. Juu unaweza kukuta pakavu kabisa, kumbe chini maji yamelala wiki mbili na nyaya zinapita humo humo.

Yametoka wapi? Kwa Chunya mshukiwa wa kwanza ni vumbi. Barabara ya kutoka Mbeya ni lami, lakini ukiiacha kuelekea machimboni unajua kinachofuata. Kiangazi kizima vumbi na majani vinajikusanya chini ya wipa, kwenye ile plastiki iliyo chini ya kioo cha mbele. Pale kuna matundu ya kutolea maji. Yakiziba, maji yanajaa na kuingia ndani kupitia njia ya hewa ya feni. Kusafisha ni kazi ya dakika chache tu, na ni ajabu wengi hawaifanyi. Gari lenye kioo kwenye paa lina mipira myembamba ya kushusha maji, nayo inaziba. Usiizibue kwa waya mgumu, utaichomoa na uvujaji utaongezeka.

Maji yenyewe yanakupa jibu. Yakiwa safi na yanatoka AC ikiwashwa, hata siku ya jua, mpira wa kutolea maji ya AC umeziba. Yakiwa na rangi, yananata na yana harufu tamutamu, hiyo ni kulanti kutoka redieta ndogo ya hita. Ukiendelea kuendesha injini itachemsha. Yakijaa kwenye shimo la tairi la spea, angalia raba za buti na za taa za nyuma.

Bado hujapata? Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji kwa mpira taratibu, akianzia chini kupanda juu. Msitumie presha ya kuoshea magari, inapenya hata pasipovuja.

Ukikuta maji, usizungushe ufunguo. Fungua waya wa hasi wa betri, kwa sababu umeme ukipita kwenye soketi yenye maji ndio unaoharakisha ile kutu ya kijani. Na kama gari limepita kwenye maji mengi likazima, usipige stata kabisa: maji yakiwa ndani ya silinda hayabanwi, kinachopinda ni konrodi.

Kapeti litoke lote nje, lianikwe na sponji yake. Jua la Chunya linakausha haraka kuliko la Mbeya mjini. Soketi zikaushwe na kupuliziwa dawa ya kusafishia soketi. Zile za njano chini ya viti ni za eabegi. Mwachie fundi umeme anayezijua.

Taa ikibaki baada ya hapo, mwambie fundi afungue kontroli boksi mbele yako. Kama ndani hakuna kijani wala alama ya kuungua, atafute kwanza kwenye fyuzi, soketi na nyaya. Ya mtumba nayo si lazima ikubali ufunguo wako. Na kama una bima ndogo tu, gharama hii yote ni ya kwako.