Jinsi namba mpya za magonjwa zilivyoingia katika hesabu za bima ya fidia Marekani

Mwekezaji mdogo anayefungua taarifa ya mwaka ya kampuni ya bima kwa kawaida hutazama faida, gawio na bei ya hisa, kisha huifunga. Wachache husoma ukurasa unaoeleza akiba iliyotengwa kwa ajili ya wafanyakazi walioumia kazini. Wachache zaidi hujua kwamba akiba hiyo hukadiriwa, pamoja na mambo mengine, kwa kutazama namba fupi anayoiandika daktari kwenye ankara yake.

Nchini Marekani namba hizo zilibadilishwa zote kwa siku moja, Oktoba 1, 2015. Namba za zamani, zilizotumika tangu mwaka 1979, zilikuwa kiasi cha 14,000. Mpya zilikuwa kiasi cha 68,000. Fidia ya wafanyakazi ilikuwa tawi la bima ambalo sheria ililiruhusu kukaa pembeni, lakini kwa sehemu kubwa halikukaa. Sababu zake zinamhusu kila mwenye fedha katika biashara ya bima.

Namba zenyewe, ambazo wataalamu huziita misimbo, zina historia ndefu. Mwaka 1893 mtakwimu wa jiji la Paris, Jacques Bertillon, aliwasilisha huko Chicago orodha ya sababu za vifo ili nchi mbalimbali ziweze kulinganisha hesabu zao. Orodha hiyo iliendelea kufanyiwa marekebisho, na baadaye ikawa chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Toleo la kumi, ICD-10, liliidhinishwa mwaka 1990 na nchi wanachama zikaanza kulitumia mwaka 1994. Marekani ililichukua mwaka 1999 kwa ajili ya vyeti vya vifo tu. Hivyo kwa miaka 16 nchi hiyo iliwahesabu marehemu kwa toleo jipya na wagonjwa walio hai kwa toleo la zamani.

Ucheleweshaji huo haukuwa wa bahati mbaya. Serikali ilitangaza mwaka 2009 kwamba mabadiliko yangeanza Oktoba 2013. Mwaka 2012 tarehe ikasogezwa hadi Oktoba 2014, na mwezi Aprili 2014 Bunge likaisogeza tena kwa mwaka mmojawapo zaidi. Madaktari walilalamikia gharama za mafunzo na programu za kompyuta. Magazeti nayo yakafanya mzaha, kwa kuwa orodha mpya ina msimbo wa mtu aliyegongwa na bata (W61.62XA) na mwingine wa aliyeungua kwa ubao wa kuteleza majini ulioshika moto (V91.07XA). Mzaha huo uliwapotosha wengi, maana kilichokuwa na uzito wa fedha ni kifundo cha mguu na kiuno.

Sheria iliyotoa ruhusa

Msingi wa amri ya kutumia namba hizo ni sheria ya mwaka 1996 inayojulikana kwa kifupi kama HIPAA. Sheria hiyo inazibana bima za afya, hospitali na madaktari wanaotuma madai kwa kompyuta. Haizibani bima za fidia ya wafanyakazi wala za magari, kwa kuwa fidia ni suala la majimbo. Wisconsin ilianza utaratibu wake mwaka 1911, Mississippi ikawa ya mwisho mwaka 1948, na kila jimbo lina kanuni, fomu na viwango vyake. Katika majimbo mengi mwajiri hununua bima hiyo kwa kampuni binafsi. Katika manne, yaani Ohio, Washington, North Dakota na Wyoming, mfuko wa jimbo ndio unaoitoa, bila ushindani wa kampuni binafsi.

Kwa maandishi, basi, kampuni ya bima ya fidia ingeweza kuendelea na namba za mwaka 1979 mradi jimbo halikuikataza. Yapo majimbo, kama Texas na Ohio, yaliyoamua kuanza siku ileile ya Oktoba 1. Mengine hayakuandika kanuni yoyote. Lakini hata huko ruhusa hiyo haikuwa na thamani kubwa, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni daktari. Zahanati inayomtibu mfanyakazi wa ghala aliyeteguka mguu ndiyo hiyohiyo inayomtibu mzee mwenye kisukari na mtoto mwenye homa. Kwa wale wawili ililazimika kutumia misimbo mipya. Hakuna mwenye zahanati ambaye angelipia programu mbili na kufundisha makarani mara mbili ili kuiridhisha kampuni moja ya bima. Angeweza kuacha kabisa kupokea wagonjwa wa fidia, na kampuni ya bima inayokosa madaktari hupata wagonjwa wanaochelewa kupona, jambo ambalo hugharimu zaidi ya programu.

Ya pili ni serikali kuu, iliyoingia kwa mlango wa nyuma. Medicare, bima ya wazee na walemavu, haitaki kulipia jeraha ambalo mwajiri anapaswa kulilipia. Kwa sheria ya mwaka 2007, kampuni za bima ya fidia hulazimika kuitaarifu Medicare kuhusu kila mdai aliye mwanachama wake, zikitaja jeraha kwa msimbo. Faini ya kutofanya hivyo iliwekwa kuwa inaweza kufika dola 1,000 kwa siku kwa kila mdai, kabla ya nyongeza za mfumuko wa bei. Medicare ilipohamia misimbo mipya, kampuni zilihama nayo.

Kulia au kushoto

Faida na hasara ya mabadiliko haya huonekana vizuri katika jeraha dogo. Mfanyakazi anashuka kwenye ngazi, anateguka kifundo cha mguu. Kwa namba za zamani daktari aliandika 845.00, maana yake kifundo kimeteguka, basi. Namba haikusema mguu upi. Kwa misimbo mipya mguu wa kulia ni S93.401A na wa kushoto ni S93.402A.

Tofauti hiyo ya tarakimu moja ina fedha ndani yake. Kampuni ya bima hailipii mwili mzima wa mfanyakazi. Hulipia jeraha lililokubaliwa kwamba limetokana na kazi. Kama dai lililokubaliwa ni la mguu wa kulia na ankara inakuja na msimbo wa kushoto, kompyuta huirudisha. Pengine mfanyakazi anajaribu kutibiwa maumivu ya zamani kwa fedha za mwajiri. Pengine karani amebonyeza 2 badala ya 1. Ofisa wa madai hawezi kujua bila kuomba faili la hospitali, na wakati anaomba, zahanati haijalipwa na mfanyakazi huenda akasimamishiwa tiba. Kwa namba za zamani ankara ile ingelipwa, iwe kwa haki au kwa wizi.

Herufi ya mwisho nayo imezua ugomvi. A humaanisha mgonjwa bado yuko katika matibabu yenyewe ya jeraha, D humaanisha anafuatiliwa wakati akiendelea kupona, na S ni kwa madhara yaliyobaki baada ya jeraha kwisha. Makarani wengi walidhani A ni ziara ya kwanza na D ni ya pili, wakaandika hivyo. Lakini mgonjwa anayefanyiwa upasuaji wiki ya tatu bado ni A. Akiandikwa D, msomaji wa faili katika kampuni ya bima anaona mtu anayeelekea kupona, huku hospitali ikituma ankara ya chumba cha upasuaji.

Kwa mwajiri mwenye karakana au duka la jumla hili si jambo la mbali. Ada ya bima yake hupanda au kushuka kufuatana na madai ya wafanyakazi wake, na kwa kawaida huangaliwa rekodi ya miaka mitatu. Dai ambalo halijafungwa huhesabiwa pamoja na akiba iliyowekwa kwa ajili yake. Mguu ulioteguka ambao faili lake limebaki wazi kwa sababu ya ubishi wa msimbo unaweza kumpandishia ada mwajiri ambaye hakukosa lolote.

Medicare yenyewe ilitambua kwamba makosa yangekuwa mengi. Mwezi Julai 2015, kwa makubaliano na chama cha madaktari cha Marekani, ilitangaza kwamba kwa miezi 12 haitakataa madai ya madaktari kwa sababu tu msimbo haukuwa wa undani wa kutosha, mradi uwe wa kundi sahihi la ugonjwa. Nafuu hiyo iliisha Oktoba 1, 2016. Bima za fidia hazikufungwa nayo.

Mkia mrefu wa madai ya zamani

Tofauti kubwa kati ya fidia na bima ya kawaida ya afya ni muda. Dai la malaria huisha kwa wiki. Mfanyakazi aliyevunjika uti wa mgongo anaweza kulipiwa matibabu kwa miaka 30. Utaratibu uliwekwa kwamba msimbo hufuata siku ya tiba, si siku ya ajali. Kwa mgonjwa aliyelazwa hufuata siku ya kuruhusiwa kutoka. Maana yake ni kwamba mtu aliyeumia mwaka 2009 ana faili lenye lugha mbili, ya zamani hadi Septemba 30, 2015 na mpya kuanzia siku iliyofuata.

Zilitengenezwa jedwali za kufananisha namba za zamani na mpya, lakini hazikulingana moja kwa moja. Namba moja ya zamani inaweza kuwa na misimbo mingi mipya, na jedwali haliwezi kujua ni mguu upi ulioumia mwaka 2009. Yule aliyejua ni daktari, ambaye pengine amekwisha staafu.

Hapa ndipo mwenye hisa anapohusika. Kampuni ya bima ya fidia hupokea ada leo na kulipa madai kwa miaka mingi ijayo. Faida inayotangazwa mwaka huu inategemea makadirio ya madai hayo, na makadirio hutokana na kulinganisha majeraha ya leo na yaliyofanana nayo zamani. Mstari wa takwimu ukikatwa katikati kwa kubadili namba, mlinganisho unadhoofika kwa miaka kadhaa hadi rekodi mpya zikusanyike. Kampuni yenye mamilioni ya madai huweza kulirekebisha hilo kwa hesabu zake. Kampuni ndogo yenye madai machache katika jimbo moja au mawili hubaki ikibahatisha. Mwenye akiba pungufu huonekana ana faida nzuri mpaka siku ankara zinapofika.

Ni kweli pia kwamba misimbo mipya imewapa wakadiriaji kitu ambacho hawakuwa nacho. Sasa wanaweza kutenganisha mguu uliopona bila tabu na ule uliovunjika ukaunga vibaya, kwa kuwa kwa mifupa iliyovunjika herufi ya mwisho husema hata hivyo. Kwa muda mrefu faida hii ni kubwa kuliko usumbufu wa mwanzo, ila ilimfikia kwanza aliyekuwa na kompyuta nzuri.

Mabadiliko yasiyoisha

Aliyedhani kazi iliisha mwaka 2015 alikosea. Misimbo hurekebishwa kila Oktoba 1, na tangu mwaka 2022 kuna marekebisho mengine Aprili 1. Mfano uliowauma wengi ni maumivu ya kiuno, mojawapo ya malalamiko ya kawaida kabisa kazini. Msimbo wake ulikuwa M54.5. Oktoba 1, 2021 uligawanywa kuwa M54.50, M54.51 na M54.59, na ule wa zamani ukaacha kuwa halali. Zahanati iliyokuwa imeuzoea kwa miaka sita ikaona ankara zake zikirudi kwa kukosa tarakimu moja. Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulipewa msimbo wake, U07.1, kuanzia Aprili 1, na majimbo yaliyoamua kuwalipa fidia wauguzi na polisi walioambukizwa kazini yakaweza kutambua madai hayo kwa namba yao wenyewe.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki hali hutofautiana kwa nchi. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 1, 2015, miezi mitatu kabla ya mabadiliko ya Marekani. Waajiri huchangia sehemu ya mishahara wanayolipa, na kwa kuwa mfuko ni mmoja wa umma hakuna hisa zake za kununua. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, humtaka mwajiri kukata bima kwa kampuni zilizoidhinishwa, na baadhi ya kampuni za bima zimeorodheshwa katika soko la hisa la Nairobi. Mwenye hisa hizo ana sababu ya kuuliza, katika mkutano mkuu wa mwaka, akiba ya majeraha ya kazini hukadiriwa kwa kumbukumbu zipi.

Wakati huo huo toleo la kumi na moja, ICD-11, lilipitishwa na WHO mwezi Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 1, 2022. Marekani bado inatumia la kumi katika ankara za matibabu. Toleo jipya huruhusu misimbo kadhaa kuunganishwa ili kueleza jeraha moja, hivyo mnyororo mmoja unaweza kuwa mrefu kupita nafasi saba ambazo programu za bima za Marekani zilitengewa kwa ajili ya mwaka 2015.