Kabla ya Kutoa Alama za Vidole

MTANGAZAJI: Wengi mlikimbia vita, vitambulisho vikaungua pamoja na nyumba. Sasa akija mtu na daftari au simu, anataka jina, picha na alama za vidole, muulize kwanza: wewe ni wa shirika gani? Habari zangu atazisoma nani? Kuuliza si utovu wa adabu. Katiba ya Msumbiji, kifungu cha 71, inakupa haki ya kuziona habari zako zilizowekwa kwenye kompyuta na kuzisahihisha. Inakataza pia kuandika humo dini au chama chako.

Na yule anayedai pesa akutafutie viza ya kutembelea Tanzania? Anakuibia: mwenye pasipoti ya Msumbiji haihitaji kwa ziara fupi. Usimwachie hata kopi.