Kabla ya kwenda kwa mganga wa moyo

Mama wa nyumba akipanda kilima hutweta. Jioni miguu yake huvimba. Usiku halali ila ameegemea mito. Hospitali ya karibu imempa barua aende kwa mganga wa moyo. Basi asiende bila matayarisho, maana vyombo vya mganga hupima moyo wa leo, bali habari za jana hutoka kinywani mwa mgonjwa.

Bwana, keti na mkeo, mwandike pamoja. Shida ilianza lini? Humjia akifanya kazi, au hata akipumzika? Utotoni aliumwa koo, kisha akapata homa na viungo kuvimba? Ugonjwa huo huweza kuharibu milango midogo ya ndani ya moyo, na dalili zikaonekana baada ya miaka mingi. Pumzi ilipungua mwishoni mwa mimba, au katika miezi baada ya kuzaa? Nani katika jamaa alikufa ghafula angali kijana?

Dawa zote zitiwe katika mfuko mmoja, hata za miti. Asizifiche kwa haya, kwani nyingine hupingana na dawa za hospitali. Wala asiache kumeza dawa zake pasipo kuagizwa.

Kupima umeme wa moyo, na kuutazama kwa mawimbi ya sauti juu ya kifua, hakuumizi.

Nawe umsindikize: masikio manne hushika maagizo kuliko mawili. Lakini kifua kikimbana pasipo kuachia, akizimia, au akikosa pumzi hali amekaa, msingoje siku ya barua. Mpeleke hospitali saa ile ile.