Mali ya Mke ni ya Nani?

Mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke, katika karne ya 17, alifundisha kwamba kila mtu anaimiliki nafsi yake, na kwa hivyo kazi ya mikono yake ni mali yake. (Kwetu sisi nafsi ni amana ya Mwenyezi Mungu, basi neno hilo "kumiliki" lataka uangalifu.) Serikali, kwa rai yake, imewekwa ili kulinda uhai, uhuru na mali ya mtu.

Ajabu ni kuwa katika Uingereza hiyo hiyo, mwanamke alipoolewa, fedha zake, vyombo vyake na ujira wa kazi yake vilikuwa vya mumewe kwa mujibu wa sheria. Ikiwa mikono ni yake, vipi jasho liwe la mwengine? Locke alikanusha kwamba mume ana mamlaka ya kifalme juu ya mkewe. Lakini wakikhitalifiana, alisema, uamuzi ni wa mume.

Aliyelishika jambo hili kwa nguvu ni John Stuart Mill. Mwaka 1851, alipokaribia kumuoa Harriet Taylor, aliandika tamko la kuzikataa haki zote ambazo sheria ingempa juu ya mwili na mali ya mkewe. Halikuwa na nguvu za kisheria. Lilikuwa ahadi ya muungwana tu. Ilipofika 1882 ndipo Bunge lao lilipompa mke umiliki wa mali yake. Kenya iliirithi sheria hiyo, na mahakama zetu zikaitumia hadi ilipokuja Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, ambayo inamruhusu Muislamu kufuata sheria ya dini yake.

Mwanamke wa Kiislamu hakulingoja Bunge. Suratun Nisaa iliamrisha apewe mahari yake mwenyewe, na ikamthibitishia fungu lake katika mirathi. Lakini ni majumba mangapi ya marehemu hapa Pwani ambayo kaka wanapokea kodi yake mwaka baada ya mwaka, na dada akiuliza huambiwa anavunja udugu? Anayevunja udugu ni yule aliyezuia fungu.

Dada aliyefikwa na hayo aanze na wazee wa ukoo. Wakishindwa, Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inaipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kuamua mirathi, maadamu wahusika wote ni Waislamu na wameiridhia. Aende na cheti cha kifo, majina ya warithi wote bila kumficha yeyote, na orodha ya mali.