Shafti ya kigari cha kale: Kwa nini feleji ingali inatamba

KIGARI cha mashindano cha miaka ya themanini, kile kiendeshwacho kwa rimoti, kinapofufuliwa na kurejeshwa uwanjani, mara nyingi kinachokisaliti si mota wala betri. Ni kijiti cha metali kisichozidi urefu wa kidole.

Kijiti hicho ni shafti, inayobeba nguvu kutoka kwenye difu hadi kwenye gurudumu. Ikikatika, mbio zimekwisha. Ikiwa ngumu kupita kiasi, itakila kikombe cha difu ambacho huenda kiwanda kiliacha kukitengeneza miongo mitatu iliyopita.

Ndiposa swali la shafti iundwe kwa feleji, alumini au titani huzua mjadala mkali miongoni mwa wapenzi wa vigari hivi.

Vigari vyenyewe vina historia ya kujivunia. RC10 ya kampuni ya Team Associated ya Marekani ilizinduliwa mwaka 1984, ikiwa na chesisi ya alumini yenye rangi ya dhahabu. Mwaka 1985 ilitwaa taji la vigari vinavyosukumwa na magurudumu mawili katika mashindano ya kwanza ya dunia ya vigari vya umeme vya aina hiyo, yaliyofanyika Del Mar, California. Mwaka huo huo, Japani ilitoa Hotshot ya Tamiya na Optima ya Kyosho.

Baadhi ya vigari hivyo vilitengenezwa upya baadaye: Hotshot mwaka 2007, RC10 mwaka 2013 na Optima mwaka 2016. Hata hivyo, mwenye kigari ambacho hakikubahatika kurudi kiwandani hana budi kukilinda kila kipuri kama mboni ya jicho.

Mzigo umebadilika

Shafti za zamani ziliundwa kwa kuzingatia betri za nikeli na kadimi za volti 7.2, zilizoendesha mota za brashi. Leo wengi huweka betri za lithiamu za volti 7.4 na mota zisizo na brashi.

Kwa volti, tofauti ni ndogo. Kinachotofautiana ni wingi wa umeme ambao betri ya lithiamu inaweza kuumwaga kwa ghafla bila kulegea. Hii ni sawa na kutia divai mpya katika viriba vikuukuu, na kiriba cha kwanza kupasuka huwa ni shafti au kikombe chake.

Hesabu ya uzito

Wauzaji wa shafti za alumini na titani husifu wepesi wake. Ni kweli kwamba sentimita moja ya ujazo ya feleji ina uzito wa takriban gramu 7.85, ilhali titani ina gramu 4.4 na alumini gramu 2.8.

Lakini tuchukue shafti yenye urefu wa milimita 60 na unene wa milimita 4. Ikiwa ya feleji itakuwa na takriban gramu 6, ya titani gramu 3.3, na ya alumini gramu 2. Kwa shafti mbili, anayehamia titani ataokoa gramu 5 pekee katika kigari cha takriban kilo moja na nusu.

Aidha, dai kwamba shafti nyepesi hukifanya kigari kichomoke kwa kasi zaidi halina mashiko. Uzito wa shafti umekaa karibu sana na mhimili wake, hivyo ni rahisi kuuzungusha. Uzito wa tairi uko mbali na mhimili, na ugumu wa kulizungusha ni maelfu ya mara kuliko ule wa shafti. Anayetaka wepesi aanzie kwenye magurudumu.

Kwa upande wa ukakamavu, feleji hustahimili kupindwa karibu mara tatu zaidi ya alumini na karibu mara mbili zaidi ya titani. Upungufu huo unaweza kufidiwa kwa kuongeza unene, maana shafti ikitoka milimita 4 hadi 5, uwezo wake wa kuhimili msokoto hukaribia kuongezeka maradufu. Tatizo ni kwamba nafasi iliyopo ndani ya kikombe na beringi za zamani haiongezeki.

Nani amle nani?

Suala zito zaidi ni la kulika. Katika shafti nyingi za kale, pini iliyopita kwenye ncha hukaa ndani ya mwanya wa kikombe, na huteleza mbele na nyuma kila saspensheni inapopanda na kushuka. Vumbi na mchanga hugeuza mwendo huo kuwa tupa.

Alumini ni laini. Hata ikipakwa ganda gumu, ganda hilo huwa jembamba mno, na likishatoboka metali iliyo chini huliwa upesi. Titani nayo ni imara lakini ina tabia ya kunata na kukwaruzana inaposuguana na metali nyingine, na kwa hiyo huhitaji pini za feleji.

Feleji iliyogumishwa juu tu, huku kiini chake kikiachwa na unyumbufu, ndiyo hustahimili msuguano na vishindo kwa pamoja. Ikigumishwa hadi kiini, inaweza kukatika ghafla bila onyo, ilhali yenye kiini kinachonyumbulika aghalabu hupinda kwanza.

Hata hivyo, feleji ngumu ikikutana na kikombe laini, kikombe ndicho huangamia. Kwa hivyo, fundi mwangalifu huchagua mapema kipuri kitakachojitoa mhanga. Kofia ndogo za plastiki zinazovishwa juu ya pini, pale ambapo mwanya unaziruhusu, huchakaa badala ya kikombe, na bei yake ni ndogo.

Pembe nayo ina neno

Kiungo cha msalaba, mfano wa kile cha propela shafti ya lori, hakitoi mwendo sawa kinapopinda. Kikiwa kwenye pembe ya nyuzi 20, kasi ya gurudumu hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 6 katika kila nusu mzunguko. Kwenye nyuzi 30, hushuka kwa asilimia 13 na kupanda kwa 15. Mtikisiko huo huchosha metali yoyote ile, na kupunguza kimo cha saspensheni kidogo huisaidia shafti kuliko kubadilisha metali.

Kwa mwenye kigari cha maonyesho kisichokimbizwa, titani au alumini haina madhara. Kwa anayeshindana, feleji yenye pini zinazobadilishika, grisi kiasi kidogo na klachi ya kuteleza iliyolegezwa ipasavyo ndiyo njia salama.

La msingi ni kukagua pini baada ya kila siku ya mbio na kuibadilisha inapoanza kuonyesha bapa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na kwa vigari hivi, matofali ya ukuta huo huenda hayauzwi tena.