Stesheni ya Plains

Jimmy Carter alipokuwa akigombea urais wa Marekani mwaka 1976, kampeni yake ilihitaji ofisi kijijini kwao Plains, jimbo la Georgia. Ikachaguliwa stesheni ya zamani ya reli, kwa sababu moja isiyo na makuu: jengo lilikuwa tupu na lilikuwa na choo cha umma. Lilijengwa kwa mbao mwaka 1888, na treni za abiria ziliacha kulihudumia tangu 1951.

Mji wenyewe ulifuata reli. Wakazi wa awali waliishi mahali palipoitwa Plains of Dura. Reli ilipopitishwa pembeni, wakahamia kando yake. Leo hawafiki elfu moja, na safu ya maduka yao ingali inatazama reli. Ndiyo maana jambo kubwa likitokea, watu hukusanyika hapo. Usiku wa uchaguzi walikesha mbele ya stesheni wakisubiri matokeo. Carter alipowasili alfajiri na kuwakuta bado wamesimama, alishindwa kuyazuia machozi. Januari 1977 wengi wao walipanda treni maalumu hadi Washington kumwona mwenzao akiapishwa. Na Januari 2025 walijipanga tena barabarani, safari hii kuuaga mwili wake.

Sasa jengo limekarabatiwa, ni makumbusho ya kampeni ile chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Wasafiri wa barabara kuu ya 280 husimama, hutazama picha na mabango, kisha huvuka kwenda madukani kununua karanga: za kukaanga, za kuchemshwa na maganda yake kwa chumvi kama tunavyozila huku kwetu, hata aiskrimu ya karanga.

Napenda sana jinsi watu hawa walivyolitunza jengo lao. Lakini kwangu mimi, reli hii ina habari nzito kuliko ushindi wa 1976. Carter alikulia Archery, kitongoji cha jirani ambako wengi wa majirani zake walikuwa Weusi. Alieleza katika kumbukumbu za utoto wake jinsi yeye na rafiki yake Mweusi walivyokuwa wakiinua bendera ndogo nyekundu kuisimamisha treni, waende Americus kutazama sinema. Walifika relini wakiwa pamoja. Treni ikisimama, mmoja aliingia sehemu ya Wazungu, mwingine ya Weusi. Katika sinema vilevile, kila mmoja na upande wake. Wakirudi Archery, wanashuka na kuendelea na mazungumzo yao. Watoto hawakuhoji, kwa kuwa ndivyo walivyokuta.

Treni ya watalii iitwayo SAM Shortline hutoka Cordele, hupita Americus na Plains, na kuishia Archery. Anayeweza asiishie stesheni. Akate tiketi hadi mwisho wa safari, akalione shamba alikolelewa Carter na mahali watoto wale wawili walipokuwa wakiisubiri treni yao.