Hewa ya jikoni inayozaa dizeli

Pale Mtunda, wilayani Kibiti, si ajabu kukuta magunia ya mkaa yameegemezwa mtini na, hatua chache mbele, petroli imepangwa kwenye chupa za maji ikisubiri bodaboda. Mwambie muuzaji kwamba kilicho ndani ya gunia kinaweza kuwa kilicho ndani ya chupa, atacheka. Afrika Kusini wanafanya hivyo tangu 1955, ila wao hutumia makaa ya mawe, kama yanayochimbwa Ngaka kule Ruvuma.

Chanzo ni Wajerumani, ambao delta ya Rufiji iliwaona wakihangaikia makaa hayo. Manowari yao Königsberg ilijificha humo Septemba 1914, mitambo mibovu, makaa yamepungua. Waingereza wakaimaliza Julai 1915. Miaka kumi baadaye, wanakemia Franz Fischer na Hans Tropsch wakapata njia ya kutengeneza mafuta bila kuwa na kisima.

Siri ni kuunyima moto hewa. Makaa hupashwa hadi zaidi ya nyuzi 1,000 kwa mvuke na oksijeni isiyotosha kuyateketeza, yakatoa haidrojeni na kaboni monoksaidi. Hewa hizo husafishwa salfa, kisha hupitishwa kwenye kichocheo cha chuma au kobalti. Hapo kaboni hutungana kama shanga: uzi mfupi ni petroli, mrefu kidogo dizeli, mrefu zaidi nta. Ni ufundi hasa, lakini mchafu: hewa ukaa yake hukaribia maradufu ya ile ya mafuta ya kisimani.

Kaboni monoksaidi hiyohiyo hutoka kwenye jiko lako la mkaa. Kiwandani imefungiwa ndani ya chuma. Usiku wa masika, jiko likiingizwa chumbani na mlango ukafungwa, imefungiwa pamoja nawe. Haina rangi wala harufu. Hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, mwili ukakosa pumzi huku kifua kikipanda na kushuka. Kichwa huuma, kichefuchefu, kizunguzungu (ni rahisi kudhani malaria), kisha usingizi.

Linalodanganya ni jiko lililokwisha kufuka moshi. Makaa mekundu, yaliyotulia, bado yanaitoa. Ukimkuta mtu amelegea chumbani humo, fungua mlango, mburute nje kwanza, umkimbize hospitali akapewe oksijeni. Jiko utalirudia baadaye.